Bunduki, leseni na msimu wa kulungu Marekani: maswali tunayoulizwa kila mwaka

Ukifika mwezi wa nane simu huanza kulia. Mmoja yuko Minneapolis, mwingine Columbus, mwingine Fort Worth, na siku hizi hawakosi wa Lewiston kule Maine. Wameona majirani wakipakia magari, wameonjeshwa soseji ya kulungu kazini, na sasa wanauliza wanaanzia wapi. Mimi nimekulia Tabora, kwenye nyumba ambayo gobole la babu lilining'inia ukutani, na nilishaona mtu akiulizwa na askari kuhusu kitoweo chake kabla majirani hawajapata harufu. Nawinda Minnesota sasa. Si mwanasheria, na pale panapohitaji mwanasheria nitasema.

Neno moja kuhusu jina. Tunaita "kulungu", lakini yule wa Marekani si kulungu wetu wa vichakani. Huyu pembe zake hudondoka kila mwaka na kuota upya, na sheria nyingi zinategemea hilo: kibali cha dume mwenye pembe ni kimoja, cha asiye na pembe ni kingine.

Kwa nini kila nikiuliza sheria ya bunduki naambiwa "inategemea jimbo"?

Kwa sababu kuna ngazi mbili na zote zinakuhusu. Serikali ya shirikisho inaamua nani haruhusiwi kabisa kugusa bunduki, na jinsi duka lenye leseni linavyouza. Msingi wake ni sheria ya 1968, pamoja na ya 1993 iliyoleta ukaguzi wa rekodi za mnunuzi. Juu ya hapo kila jimbo linaongeza la kwake: Illinois inadai kadi maalumu ya mmiliki, Minnesota inadai kibali cha kununulia bastola, Texas haidai chochote cha aina hiyo.

Kwenye uwindaji jimbo lina nguvu zaidi. Mnyama wa pori si mali ya mwenye shamba. Ni mali ya umma, na jimbo ndilo mwangalizi wake. Bunge la jimbo linatunga sheria kubwa, halafu idara au tume ya wanyamapori inapanga tarehe, idadi na silaha. Ndege wanaohama, kama bata na bata bukini, ndio wanaoirudisha serikali ya shirikisho mezani, kwa sheria ya 1918.

Kwa hiyo rafiki yako wa Ohio akikuambia "huku sisi tunafanya hivi", msikilize kwa heshima, halafu fungua kijitabu cha jimbo lako. Hutolewa bure kila mwaka, na cha mwaka jana kiwashie jiko.

Mimi si raia. Naruhusiwa kushika bunduki?

Hili ndilo swali kubwa kuliko yote, na nitakaa nalo.

Mwenye grinikadi anaruhusiwa na sheria ya shirikisho kununua na kumiliki, kwa masharti yale yale ya raia. Walioshinda bahati nasibu ya viza wanaingia na ukaazi wa kudumu, kwa hiyo wako humu. Aliyepokelewa kama mkimbizi, au aliyekwisha kupewa hifadhi, naye hayumo kwenye kundi la viza za muda linalokatazwa. Wakongo na Warundi wengi wanaonipigia wako hapa, na wengi wao hawakujua.

Mwenye viza ya muda, awe mwanafunzi, mtalii au mfanyakazi wa mkataba, kwa kawaida amekatazwa. Si kununua tu, hata kushika. Lakini kuna mlango mdogo: ukiwa na leseni halali ya kuwinda iliyotolewa na jimbo lolote la Marekani, katazo hilo linaondoka. Ndiyo maana utakuta mwanafunzi wa Kenya pale chuoni anayo leseni ya kuwinda mfukoni ingawa msituni haendi; anaenda kulenga shabaha na wenzake. Leseni ikiisha muda, ruhusa imeisha. Ile ya mwaka jana haikukingi.

Asiye na karatasi amekatazwa moja kwa moja. Aliyeomba hifadhi na bado anasubiri jibu asiguse bunduki kabla hajaongea na mwanasheria wa uhamiaji, hata kwa dakika moja ya kupiga picha ya Facebook. Hali zao zinatofautiana sana kwa namna walivyoingia nchini.

Kwa nini nasisitiza? Kwa sababu sheria ya uhamiaji ina kifungu chake kuhusu silaha. Asiye raia akitiwa hatiani kwa kununua, kumiliki au kubeba bunduki kinyume cha sheria yoyote, kosa hilo peke yake linatosha kumfungulia kesi ya kuondolewa nchini. Hata mwenye grinikadi wa miaka ishirini. Jirani yako mzaliwa wa hapa akikosea anaweza kutoka na faini na aibu. Kwako wewe kosa lile lile linagusa kitanda unacholalia. Kila jibu hapa chini lisome ukikumbuka hilo.

Nasikia ukitumia bangi huruhusiwi, lakini jimbo letu limehalalisha. Ipi ni ipi?

Minnesota na Ohio zote mbili zilihalalisha bangi mwaka 2023. Serikali ya shirikisho haijahalalisha, na fomu ya kununulia bunduki inauliza kama unatumia dawa iliyokatazwa, na inaonya wazi kwamba ruhusa ya jimbo haibadilishi kitu. Ukijibu uongo, uongo wenyewe ni kosa.

Sasa lile ambalo hakuna mtu dukani atakuuliza kwa jina: miraa. Mirungi, gomba, iite upendavyo. Kule Maua na Eastleigh ni biashara ya mchana kweupe. Huku kemikali iliyo kwenye majani mabichi, kathinoni, imewekwa kwenye daraja moja na heroini. Mtafunaji wa Ijumaa kwa Ijumaa anayejaza "hapana" kwenye fomu ile anajitia kitanzi bila kujua. Chagua kimoja.

Kununua bunduki dukani kunakwendaje hasa?

Kunachosha kuliko unavyodhani na ni rahisi kuliko unavyoogopa. Mara yangu ya kwanza nilisimama kaunta na kalamu yao iliyofungwa kwa mnyororo, nikijaza fomu nambari 4473. Jina kama lilivyo kwenye kitambulisho, mahali ulipozaliwa, urefu, uzito, nchi ya uraia. Hapo pa uraia andika ukweli: kama ni Tanzania andika Tanzania. Kudai uraia wa Marekani usio wako ni kosa jingine la uhamiaji, zito kwa upande wake. Chini ya hapo kuna nafasi ya namba yako ya uhamiaji, ile iliyo kwenye grinikadi. Mimi kadi niliiacha nyumbani, nikarudi kesho yake, maili arobaini.

Muuzaji anatuma taarifa zako kwenye mfumo wa ukaguzi. Majibu ni matatu: endelea, subiri, au umekataliwa. Sisi wenye majina ya Juma, Hassan na Mohamed tunapata "subiri" mara nyingi, au ndivyo tunavyoona. Si tusi. Majina yanafanana na ya watu wengine na mtu inabidi aangalie. Siku tatu za kazi zikipita bila jibu, sheria ya shirikisho inamruhusu muuzaji akukabidhi, ingawa maduka mengi hukataa na baadhi ya majimbo yanadai kusubiri zaidi.

Umri dukani: miaka 18 kwa bunduki ndefu, 21 kwa bastola. Kwa walio chini ya 21, tangu sheria ya Juni 2022, rekodi zao za utotoni nazo hukaguliwa. Minnesota kuna nyongeza: ukitaka bastola au zile za nusu-otomatiki za mtindo wa kijeshi unahitaji kibali cha polisi au sherifu. Bunduki ya kawaida ya kuwindia ya bolti, ile unayoikoki kwa mkono kila risasi, haihitaji kibali hicho.

Shemeji ana shida na rekodi yake. Naweza kumnunulia mimi?

Hapana. Usimalizie hata sentensi hiyo mbele ya muuzaji. Kumnunulia mtu kwa pesa zake ni kosa hata kama yeye mwenyewe angeruhusiwa. Mahakama Kuu ya Marekani ilishalisema hilo mwaka 2014. Na tangu 2022 kosa lina kifungu chake, kifungo hadi miaka 15. Zawadi ya kweli kwa mtu anayeruhusiwa ni jambo jingine.

Na usisahau kosa la ndani ya nyumba. Mtu aliyewahi kutiwa hatiani kwa kumpiga mke au mzazi mwenzake, hata kama ilikuwa kesi ndogo ya siku mbili rumande, amekatazwa bunduki na sheria ya 1996. Wengi wetu tulishauriwa wakati ule "kubali tu iishe". Haikuisha.

Leseni ya kuwinda na kibali cha bunduki si kitu kimoja?

Ni vitu viwili na havijuani. Unaweza kuwa na bunduki kumi na usiwe na haki ya kumpiga hata sungura. Leseni ya kuwinda hutolewa na idara ya maliasili ya jimbo, na bei ya mkaazi ni sehemu ndogo tu ya ile ya mgeni. Minnesota unahesabiwa mkaazi ukishaishi siku 60.

Kabla ya leseni kuna kozi ya usalama. Minnesota inamdai kila aliyezaliwa baada ya 31 Desemba 1979; Texas imeweka mstari wake kwa waliozaliwa kuanzia 2 Septemba 1971. Mtu mzima anaweza kuifanya mtandaoni. Cheti chake kinakubalika majimbo mengine, kwa hiyo kitunze kama cha ndoa. Kama huna uhakika utaipenda kazi hii, Minnesota ina kibali cha mwanafunzi: unawinda ukiwa na mwenye leseni, bila kozi, mara mbili tu maishani.

Wengi hushtuka wakiombwa namba ya hifadhi ya jamii. Si mtego wa uhamiaji. Sheria ya 1996 inazitaka leseni hizi zichukue namba hiyo ili kuwabana wasiolipa matunzo ya watoto. Ukidaiwa matunzo, leseni ya kuwinda inaweza kusimamishwa. Nimeona mzee wa heshima zake akikataliwa kaunta kwa sababu hiyo, na wote tuliokuwa nyuma yake tukageuka kutazama ndoano za samaki.

Ni nini kimebadilika miaka hii ya karibuni?

Mengi, na hayaendi upande mmoja. Mwanzo wa mengine ni hukumu ya Mahakama Kuu ya Juni 2022 iliyosema sheria za bunduki zipimwe kwa historia ya nchi. Tangu hapo majimbo yametawanyika kama kuku waliorushiwa jiwe.

Minnesota: mwaka 2023 Gavana Tim Walz alisaini sheria mbili. Moja, mauzo ya bastola na za mtindo wa kijeshi kati ya watu binafsi nayo yanahitaji ukaguzi. Ya pili inaruhusu mahakama kumwondolea bunduki kwa muda mtu anayeonekana kuwa hatari kwake au kwa wengine. Watu wanaiita ya bendera nyekundu, na ilianza 1 Januari 2024. Upande mwingine, mahakama ya rufaa ilifuta mwaka 2024 sharti la miaka 21 kwa kibali cha kubeba, kwa hiyo wa miaka 18 anaweza kuomba.

Lakini kwetu wawindaji, habari kubwa ilikuwa nyingine kabisa. Kwa miaka mingi kusini mwa Minnesota, kwenye mashamba tambarare ya mahindi, kulungu alipigwa kwa shotgani, si kwa raifo, kwa hofu ya risasi ya raifo kusafiri hadi dirishani kwa mtu. Mwaka 2025 bunge liliufuta ukanda huo kuanzia 2026, na kuziachia kaunti uamuzi wa kubakiza katazo. Kwa hiyo kama unawinda kule, sheria ya jimbo haitoshi. Ulizia kaunti yako. Binafsi sikufurahi. Tambarare ile hakuna kilima cha kukamata risasi iliyokosa.

Maine: tarehe 25 Oktoba 2023 watu 18 waliuawa Lewiston, mji ambao Waafrika wengi wamehamia. Baadaye jimbo likaweka subira ya saa 72 kati ya kununua na kukabidhiwa, kuanzia Agosti 2024, na kesi ikaifuata mahakamani. Novemba 2025 wapiga kura wakaipitisha sheria ya bendera nyekundu. Mwaka ule ule Texas ikapitisha sheria ya kuzikataa amri za namna hiyo. Mtu anayehama kutoka Portland kwenda Houston abadilishe kichwa pamoja na koti.

Pennsylvania: hii naipenda. Tangu karne ya 19 kuwinda Jumapili kulikatazwa, siku ya ibada. Anayefanya kazi wiki nzima na Jumamosi alibaki na nini? Mwaka 2019 bunge lililegeza Jumapili tatu. Julai 2025 Gavana Josh Shapiro akasaini kufuta katazo, na tume ikafungua Jumapili 13 msimu huo huo. Maine bado Jumapili ni marufuku. Kuna waliokwenda mahakamani wakidai haki ya kikatiba ya chakula, na Mahakama Kuu ya jimbo iliwakatalia mwaka 2024.

Colorado: kodi ya asilimia 6.5 kwa bunduki na risasi tangu Aprili 2025, na kuanzia 1 Agosti 2026 baadhi ya za nusu-otomatiki zinahitaji mafunzo kabla ya kununua. Washington nayo imepanga kibali cha kununulia kuanzia Mei 2027. Florida iliandika haki ya kuwinda na kuvua kwenye katiba mwaka 2024. Minnesota ilishafanya hivyo 1998.

Kodi hizo zinakwenda wapi? Si wanatukamua tu?

Hii ya Colorado, inaangukia zaidi huduma za waathirika wa uhalifu. Ila ile ya zamani ya shirikisho, ya mwaka 1937, asilimia 11 kwa bunduki ndefu na risasi, inarudi majimboni kulinda wanyama na maeneo yao. Msitu wa umma unaotembea bure umelipiwa kwa sehemu na risasi za watu.

Naweza kubeba bastola kiunoni bila kibali?

Majimbo 29 yanaruhusu, Texas tangu Septemba 2021, Ohio 2022, Louisiana 2024. Minnesota hairuhusu. Mengine yanabana ruhusa hii kwa umri au ukaazi. Kwa asiye raia ushauri wangu ni mmoja: hata pale pasipohitajika kibali, kichukue kama jimbo linakupa. Ukisimamishwa usiku barabarani karatasi inaongea Kiingereza kizuri kuliko wewe.

Bunduki gani inakubalika kwa kulungu?

Inategemea ardhi. Ohio na Iowa zimeruhusu raifo zenye risasi za ganda lililonyooka, ambazo haziendi mbali sana. Pennsylvania hairuhusu raifo ya nusu-otomatiki kwa kulungu, ingawa kuimiliki si kosa. Kuna pia msimu wa magobole, mwishoni mwa Novemba kwetu hapa, na hilo lilinichekesha. Silaha iliyompeleka mjomba mahabusu Sikonge, huku ina msimu wake, kofia zake na majarida yake.

Kwa bata ni marisau yasiyo na madini ya risasi (ledi). Yale ya madini hayo yamekatazwa nchi nzima kwa ndege wa majini tangu 1991. Shotgani isibebe zaidi ya risasi tatu, na stempu ya shirikisho ya dola 25 iwe mfukoni kwa kila aliyefikisha miaka 16. California imekataza madini ya risasi kwa uwindaji wote tangu Julai 2019, kwa ajili ya tumbusi wao, kondori.

Naweza kuwinda wapi, maana shamba sina?

Minnesota na Wisconsin tuna bahati: misitu ya jimbo, misitu ya taifa kama Superior na Chippewa, na maeneo ya wanyamapori yaliyofunguliwa kwa umma. Texas karibu ardhi yote ni ya watu binafsi, kwa hiyo utakodisha nafasi au utamjua mtu.

Ardhi ya mtu, bisha hodi. Shamba la kilimo Minnesota hulikanyagi bila ruhusa hata kama hakuna kibao. Nenda mapema, Agosti, mchana, bila bunduki, na usiende watu watano. Mzee aliyenipa shamba lake alinihoji nusu saa juu ya jinsi tunavyolima viazi vitamu kwetu kabla ya kusema "sawa". Ukipata, omba maandishi. Na dungu lako unalotaka kujenga mtini, kabla hujapigilia msumari uliza. Kwenye ardhi ya umma lina sheria zake.

Kuweka chambo, mahindi au tofaa, Minnesota ni kosa. Texas ni kawaida kwenye ardhi binafsi. Umeona?

Rangi ya machungwa ni lazima?

Minnesota wakati wa msimu wa bunduki, ndiyo: kofia na nguo ya juu, machungwa ya kuwaka au waridi la kuwaka. Pennsylvania inchi za mraba 250 kichwani, kifuani na mgongoni. Maine vitu viwili, kofia na nguo. Texas kwenye maeneo ya umma. Mimi huvaa hata pasipotakiwa. Ngozi nyeusi na koti la kahawia mapambazuko ya Novemba, hebu jione kwa macho ya mtu aliyelala masaa matatu.

Nasafirishaje bunduki garini?

Tupu, ndani ya mfuko wake, kwenye buti, risasi pembeni. Ukivuka majimbo, sheria ya shirikisho ya 1986 inakulinda ukipita tu, mradi unakotoka na unakokwenda unaruhusiwa, na silaha iwe tupu na mbali na mkono. Ukilala siku mbili kwa binamu New Jersey hupiti tena, umefika.

Nikimpata, nafanya nini hapo hapo?

Kabla ya furaha, tagi, ile lebo inayokuja na leseni yako. Ukimsogeza mnyama kabla ya kuweka alama ya tarehe na saa kama kijitabu kinavyotaka, umefanya kosa la kawaida kuliko yote ya wageni. Vidole vinaganda, kisu kinateleza, simu inataka kupiga picha. Tagi kwanza. Halafu mpasue, toa matumbo, mpoze, kisha msajili ndani ya muda uliowekwa.

Waislamu huniuliza kuhusu uhalali. Wengi ninaowinda nao hupiga bismillahi wakati wa kufyatua, na wakimkuta bado ana roho wanamchinja. Maswali ya kina juu ya risasi na kifo chake mpelekee sheikh wako, si mimi.

Sasa kichwa. Sisi ni watu wa supu ya kichwa na mifupa, na hapa nawasihi. Kuna ugonjwa wa kulungu unaoitwa CWD, unaokula ubongo polepole. Uligunduliwa Colorado mwaka 1967 na Minnesota ulionekana kwa kulungu wa porini kuanzia 2010 upande wa Pine Island. Hajajulikana binadamu aliyeambukizwa, lakini ushauri wa afya ni usile nyama ya mnyama aliyekutwa nao. Protini mbovu zinazouleta hukaa hasa kwenye ubongo, uti wa mgongo, bandama na tezi, na moto wa jiko hauziharibu. Jimbo linapima, peleka sampuli, subiri jibu, nyama ikae friza. Na majimbo mengi hayaruhusu kuvusha kichwa na uti wa mgongo kwenda jimbo jingine. Mbavu na mapaja choma mpaka usiku.

Naweza kuuza nyama kidogo kwa Waswahili wenzangu?

Hapana. Kugawa sawa, kuuza si sawa. Ukiuza ukavuka jimbo unaingia mikononi mwa sheria ya shirikisho ya mwaka 1900. Na ukinyang'anywa leseni jimbo moja, mkataba wa karibu majimbo yote unahakikisha huwindi na mengine.

Na nguruwe pori wa Texas?

Huyo ni adui wa mkulima. Tangu Septemba 2019 huhitaji leseni kumwinda kwenye ardhi binafsi ukiwa na ruhusa ya mwenyewe. Hana msimu, hana idadi. Nusu ya wanaoniuliza hawamli, wanataka mazoezi tu. Wenye mashamba hawajali.

Nikienda nyumbani naweza kubeba bunduki yangu, au kurudi na nyama ya pori?

Kenya uwindaji umefungwa tangu 1977. Tanzania upo, kwa vitalu, leseni na vibali, lakini bunduki inaingia kwa sheria ya silaha ya 2015, si kwa kuijaza tu kwenye begi. Kuirudisha Marekani nyama ya pori kutoka Afrika, hata ile kavu ya mama iliyofungwa kwenye kanga, hairuhusiwi hata gramu moja.

Kama leo ndiyo naanza, ratiba yangu iweje?

Julai fanya kozi. Agosti tafuta ardhi na ununue leseni. Mwanzoni mwa Septemba ndipo bahati nasibu za vibali vya kulungu wasio na pembe hufungwa Minnesota, na kila mwaka kuna anayenipigia tarehe kumi na tano akilia. Oktoba kalenge shabaha, si wiki ya mwisho, maana uwanja unajaa na hakuna atakayekusaidia kurekebisha darubini. Ufunguzi ni Jumamosi iliyo karibu zaidi na tarehe 6 Novemba, nusu saa kabla ya jua kuchomoza. Glovu nunua zile ambazo kidole cha kifyatulio kinatoka nje, na chai iwe ya tangawizi, chupa mbili.